Marita Koch

Marita Koch (alizaliwa Wismar, 18 Februari 1957) ni mwanariadha mstaafu wa Ujerumani aliyeshindana katika mbio fupi kwa niaba ya Ujerumani Mashariki. Anajulikana zaidi kwa rekodi yake ya dunia ya mita 400 kwa wanawake, sekunde 47.60, aliyoiweka mjini Canberra, Australia, tarehe 6 Oktoba 1985. Rekodi hiyo ilifikisha miaka 40 mwaka 2025 bila kuvunjwa.

Koch alishinda medali ya dhahabu ya mita 400 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, medali tatu za dhahabu katika mashindano ya kwanza ya Ubingwa wa Dunia wa Riadha mwaka 1983, na ubingwa wa Ulaya wa mita 400 mara tatu mfululizo (1978, 1982 na 1986). Kwa jumla aliweka au alishiriki kuweka rekodi 16 za dunia katika mashindano ya nje. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 200 chini ya sekunde 22 na mwanamke wa kwanza kukimbia mita 400 chini ya sekunde 49.

Mafanikio yake yana utata. Baada ya kuanguka kwa Ukuta wa Berlin zilipatikana nyaraka zinazoonyesha kwamba serikali ya Ujerumani Mashariki iliendesha mpango wa siri wa kuwapa wanariadha dawa za kuongeza nguvu, na jina la Koch limo katika baadhi ya nyaraka hizo. Yeye hakuwahi kukutwa na dawa katika kipimo chochote, na amekana kufanya kosa.

Maisha ya awali

Koch alizaliwa na kukulia Wismar, mji wa bandari katika pwani ya Bahari ya Baltiki. Wakati huo mji huo ulikuwa sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, yaani Ujerumani Mashariki. Alianza riadha akiwa mwanafunzi, na tangu ujana wake alifundishwa na Wolfgang Meier, kocha mwenye taaluma ya uhandisi wa meli. Meier alibaki kuwa kocha wake hadi mwisho wa maisha yake ya michezo, na baadaye wawili hao walioana.

Baadaye Koch alihamia Rostock, mji mkubwa wa pwani hiyo, akajiunga na klabu ya SC Empor Rostock. Huko alianza masomo ya udaktari katika chuo kikuu, lakini masomo hayo hayakwenda sambamba na mazoezi na safari za mashindano, akayaacha.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na watu takriban milioni 17 tu, lakini michezo ilipewa uzito mkubwa na serikali. Watoto wenye vipaji walitafutwa mashuleni, wakapelekwa katika shule maalumu za michezo, kisha katika klabu zilizogharamiwa na dola. Medali za kimataifa zilihesabiwa kuwa uthibitisho wa ubora wa mfumo wa kisiasa wa nchi. Koch alikulia ndani ya mfumo huo.

Mtindo wake wa kukimbia

Mita 400 ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja. Mkimbiaji hawezi kudumisha kasi yake ya juu kabisa kwa umbali wote huo, kwa hiyo hulazimika kuigawa nguvu yake. Misuli inapofanya kazi bila oksijeni ya kutosha, uchovu hujengeka haraka, na katika mita 100 za mwisho karibu kila mkimbiaji hupunguza kasi. Mara nyingi mshindi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake, si yule anayeongeza mwendo.

Koch, mwenye urefu wa mita 1.71, alikuwa na faida ambayo wapinzani wake wengi hawakuwa nayo: alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora duniani hata katika mita 100 na mita 200. Muda wake bora wa mita 100 ni sekunde 10.83, aliouweka Berlin tarehe 8 Juni 1983. Siku hiyo alishika nafasi ya pili nyuma ya mwenzake Marlies Göhr, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 10.81. Kwa sababu ya kasi hiyo, Koch aliweza kupita mita 200 za kwanza za mbio za mita 400 kwa mwendo ambao kwa wengine ungekuwa wa kujimaliza. Mbinu yake ilikuwa kuanza kwa nguvu na kuwalazimisha wapinzani wamfukuze.

Mwanzo wa mafanikio (1976–1979)

Koch alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Montreal mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 19. Alifika nusu fainali ya mita 400, lakini alilazimika kujitoa kwa sababu ya jeraha. Dhahabu ilichukuliwa na Irena Szewińska wa Poland kwa rekodi ya dunia ya sekunde 49.29.

Mwaka 1977 Koch alishinda mita 400 katika Ubingwa wa Ulaya wa ndani ya ukumbi mjini San Sebastián, Hispania. Mwaka huohuo alikutana na Szewińska katika Kombe la Dunia mjini Düsseldorf, ambako Mpoland huyo mwenye uzoefu mkubwa alimshinda.

Mwaka 1978 mambo yaligeuka. Mwezi Mei aliweka rekodi ya dunia ya mita 200 mjini Erfurt (22.06). Tarehe 2 Julai aliweka rekodi yake ya kwanza ya dunia ya mita 400 mjini Leipzig (49.19), na mwezi Agosti akaiboresha mjini Potsdam (49.03). Siku chache baadaye, tarehe 31 Agosti, alikutana tena na Szewińska katika fainali ya Ubingwa wa Ulaya mjini Prague. Koch alishinda kwa sekunde 48.94, mara ya kwanza kwa mwanamke kwenda chini ya sekunde 49. Mwenzake Christina Brehmer alikuwa wa pili kwa 50.38 na Szewińska wa tatu kwa 50.40. Tofauti ya karibu sekunde moja na nusu ilionyesha kwamba uongozi wa mbio hizo ulikuwa umehamia kwa mtu mwingine.

Mwaka 1979 aliendelea hivyohivyo. Tarehe 10 Juni, mjini Karl-Marx-Stadt (leo Chemnitz), alikimbia mita 200 kwa sekunde 21.71 na kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 22. Katika majira hayohayo ya joto aliboresha rekodi ya mita 400 mara mbili ndani ya siku saba: 48.89 mjini Potsdam tarehe 29 Julai na 48.60 katika Kombe la Ulaya mjini Turin tarehe 4 Agosti. Katika Kombe la Dunia mjini Montreal alishinda mita 400, ingawa mita 200 zilichukuliwa na Mmarekani Evelyn Ashford.

Olimpiki ya Moscow 1980

Olimpiki ya mwaka 1980 ilisusiwa na nchi nyingi zikiongozwa na Marekani, kupinga uvamizi wa Umoja wa Kisovyeti nchini Afghanistan. Miongoni mwa nchi zilizosusia zilikuwa Ujerumani Magharibi na Kenya. Tanzania ilishiriki, na ndipo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipopata medali zao za fedha.

Katika mita 400 za wanawake, ususiaji haukupunguza sana ubora wa mashindano, kwa kuwa wakimbiaji wengi wenye nguvu zaidi walitoka Ulaya Mashariki. Koch alishinda fainali kwa sekunde 48.88. Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia alikuwa wa pili (49.46) na Christina Lathan, yaani Christina Brehmer baada ya kuolewa, alikuwa wa tatu (49.66).

Katika mbio za kupokezana vijiti za mita 4 × 400, Ujerumani Mashariki ilipata fedha kwa dakika 3:20.35, nyuma ya Umoja wa Kisovyeti (3:20.12). Medali hizo mbili ndizo pekee ambazo Koch alizipata katika Olimpiki. Siku chache baada ya michezo hiyo, tarehe 9 Agosti, alishiriki mjini Jena pamoja na Marlies Göhr, Romy Müller na Bärbel Wöckel katika kuweka rekodi ya dunia ya mita 4 × 200 (1:28.15). Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2000.

Ushindani na Kratochvílová (1981–1983)

Kuanzia mwaka 1981 mpinzani mkuu wa Koch alikuwa Kratochvílová. Katika Kombe la Dunia mjini Rome mwaka huo, Mcheki huyo alishinda mita 400 kwa sekunde 48.61, mia moja tu ya sekunde nyuma ya rekodi ya Koch.

Koch alijibu katika Ubingwa wa Ulaya mjini Athens mwaka 1982. Tarehe 8 Septemba alishinda fainali kwa sekunde 48.16, rekodi mpya ya dunia, huku Kratochvílová akiwa wa pili kwa 48.85. Kisha timu ya Ujerumani Mashariki, Koch akiwemo, ilishinda mita 4 × 400 kwa rekodi ya dunia ya dakika 3:19.04.

Mwaka 1983 Ubingwa wa Dunia wa Riadha ulifanyika kwa mara ya kwanza, mjini Helsinki, Ufini. Koch hakuingia mita 400, bali alichagua mbio fupi zaidi. Alipata fedha ya mita 100 kwa sekunde 11.02 nyuma ya Göhr (10.97), na dhahabu ya mita 200 kwa sekunde 22.13, mbele ya Merlene Ottey wa Jamaika (22.19). Aliongeza dhahabu mbili katika mbio za kupokezana vijiti, mita 4 × 100 (41.76) na mita 4 × 400 (3:19.73). Aliondoka Helsinki na medali nne.

Hata hivyo, katika mashindano hayohayo Kratochvílová alishinda mita 400 kwa sekunde 47.99, tarehe 10 Agosti. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwenda chini ya sekunde 48, na Koch akapoteza rekodi aliyokuwa ameishikilia tangu mwaka 1978. Kratochvílová alishinda pia mita 800 mjini Helsinki. Kwa kuwa Koch hakuwepo katika fainali ya mita 400, swali la nani angeshinda kati yao wakiwa katika ubora wao lilibaki bila jibu.

Ususiaji wa mwaka 1984

Koch alianza mwaka 1984 akiwa katika hali nzuri. Tarehe 3 Juni mjini Erfurt, yeye pamoja na Gesine Walther, Sabine Busch na Dagmar Rübsam waliweka rekodi ya dunia ya mita 4 × 400 (3:15.92). Tarehe 21 Julai mjini Potsdam alirudia muda wake wa rekodi wa mita 200, sekunde 21.71.

Lakini Umoja wa Kisovyeti na washirika wake, Ujerumani Mashariki ikiwemo, waliamua kususia Olimpiki ya Los Angeles. Uamuzi huo haukufanywa na wanariadha. Kwa Koch, aliyekuwa na umri wa miaka 27, ulimaanisha kupoteza nafasi ya kutetea ubingwa wake. Mjini Los Angeles Mmarekani Valerie Brisco-Hooks alishinda mita 200 kwa sekunde 21.81 na mita 400 kwa sekunde 48.83.

Nchi zilizosusia ziliandaa mashindano yao yaliyoitwa Michezo ya Urafiki (kwa Kirusi Druzhba). Riadha ya wanawake ilifanyika Prague mwezi Agosti. Koch alishinda mita 400 kwa sekunde 48.16, muda uleule aliokuwa ameuweka Athens miaka miwili kabla. Muda huo ulikuwa bora kuliko ule wa dhahabu ya Los Angeles, lakini haukuwa na medali ya Olimpiki.

Rekodi ya Canberra, 1985

Kombe la Dunia la mwaka 1985 lilifanyika Canberra, mji mkuu wa Australia, mwezi Oktoba. Wakati huo msimu wa riadha barani Ulaya ulikuwa umekwisha, lakini wanariadha wa Ujerumani Mashariki walikuwa wamepanga mazoezi yao ili wafikie kilele chao hapo. Koch alishinda mita 200 kwa sekunde 21.90, kisha tarehe 6 Oktoba akaingia fainali ya mita 400.

Alikimbia katika njia ya pili, kwa hiyo wapinzani wake karibu wote walikuwa mbele yake mwanzoni na aliweza kuwaona. Mpinzani mkubwa alikuwa Olga Vladykina wa Umoja wa Kisovyeti (baadaye Olga Bryzgina). Koch aliondoka kwa kasi kubwa tangu mwanzo. Mgawanyo wa mbio zake ulikadiriwa kuwa hivi:

- Mita 100: sekunde 11.3
- Mita 200: sekunde 22.4
- Mita 300: sekunde 34.1
- Mita 400: sekunde 47.60

Mita 100 za pili alizikimbia kwa takriban sekunde 11.1, na mita 100 za mwisho kwa takriban sekunde 13.5. Tofauti hiyo inaonyesha gharama ya mwanzo wake: alipungua sana mwishoni, lakini alikuwa tayari amejenga uongozi usioweza kufikiwa. Vladykina alimaliza wa pili kwa sekunde 48.27, muda ambao wakati huo ulikuwa umefikiwa na wanawake wawili tu, Koch na Kratochvílová. Rekodi ya Kratochvílová ilikuwa imeboreshwa kwa karibu sekunde 0.4.

Ubingwa wa tatu wa Ulaya na kustaafu

Mwaka 1986 Koch alishinda mita 200 katika Ubingwa wa Ulaya wa ndani, taji alilokuwa amelitwaa pia mwaka 1983 na 1985. Majira ya joto, mjini Stuttgart, alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mita 400 kwa mara ya tatu kwa sekunde 48.22, na dhahabu nyingine ya mita 4 × 400 (3:16.87). Katika mashindano hayo Heike Drechsler, mwenzake wa Ujerumani Mashariki, alishinda mita 200 kwa kufikia rekodi yake ya sekunde 21.71. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 1988 na Florence Griffith Joyner wa Marekani katika Olimpiki ya Seoul.

Maumivu ya kano ya kisigino yalimsumbua Koch katika miaka yake ya mwisho, na mwaka 1987 alistaafu akiwa na umri wa miaka 30. Hakushiriki Olimpiki ya Seoul, ambako dhahabu ya mita 400 ilikwenda kwa Bryzgina kwa sekunde 48.65.

Suala la dawa za kuongeza nguvu

Mpango wa serikali

Tangu mwaka 1974 Ujerumani Mashariki ilikuwa na mpango rasmi wa siri wa kuwapa wanariadha dawa. Dawa iliyotumika zaidi ilikuwa Oral-Turinabol, kidonge cha steroidi kilichotengenezwa na kiwanda cha dola cha Jenapharm. Dawa za aina hiyo huiga homoni ya kiume, huongeza misuli na kumwezesha mtu kustahimili mazoezi mazito zaidi. Kwa wanawake athari yake katika michezo ni kubwa kuliko kwa wanaume, kwa sababu mwili wa mwanamke huwa na homoni hiyo kwa kiasi kidogo. Madhara yake ni pamoja na sauti kuwa nzito, nywele kuota mwilini, matatizo ya ini na matatizo ya uzazi.

Wanariadha wengi, baadhi yao wakiwa bado watoto, walipewa vidonge hivyo wakiambiwa ni vitamini. Kabla ya kusafiri nje ya nchi walipimwa katika maabara ya Kreischa, karibu na Dresden, ili kuhakikisha hawatakamatwa kwenye mashindano. Ndiyo maana kutokukutwa na dawa katika vipimo vya wakati ule hakuhesabiwi na wanahistoria kuwa uthibitisho wa kutotumia.

Nyaraka

Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989, mtaalamu wa biolojia Werner Franke na mkewe Brigitte Berendonk, aliyewahi kuwa mrusha kisahani, walitafuta na kuokoa nyaraka za utafiti zilizokuwa zimehifadhiwa katika chuo cha tiba cha jeshi huko Bad Saarow. Mwaka 1991 Berendonk alichapisha kitabu chenye majina, tarehe na viwango vya dawa. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, Koch alipewa Oral-Turinabol kati ya mwaka 1981 na 1984, kwa viwango vya kati ya miligramu 530 na 1,460 kwa mwaka. Franke alisema pia kwamba aliona barua ambamo Koch aliilalamikia Jenapharm kwamba mwanariadha mwingine alikuwa akipata dozi kubwa kuliko yeye.

Koch amekana kwamba alifanya jambo lisiloruhusiwa, na amesisitiza kuwa hakuwahi kushindwa kipimo. Hakuna adhabu ya kimichezo iliyowahi kutolewa dhidi yake, na matokeo yake yote yanatambuliwa rasmi.

Waliofuata njia nyingine

Wanariadha wengine wa nchi yake walichagua kuzungumza. Gesine Walther, aliyekimbia pamoja na Koch katika rekodi ya Erfurt ya mwaka 1984, baadaye aliomba jina lake liondolewe katika rekodi ya taifa ya kupokezana vijiti. Mkimbiaji mwingine wa mbio fupi, Ines Geipel, aliomba jina lake lifutwe katika rekodi ya klabu yake ya Jena ya mita 4 × 100, na mwaka 2006 jina hilo lilibadilishwa na alama ya nyota. Geipel alikuwa pia miongoni mwa walalamikaji katika kesi iliyoendeshwa Berlin dhidi ya wakuu wa michezo wa Ujerumani Mashariki. Mwezi Julai 2000 Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na daktari Manfred Höppner walitiwa hatiani kwa kusaidia kuwadhuru wanariadha. Wote wawili walipewa vifungo vya nje. Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria za kuwafidia waathirika mwaka 2002 na 2016.

Mjadala kuhusu rekodi

Rekodi ya Canberra imeendelea kuwa mfano unaotajwa mara kwa mara kila panapojadiliwa rekodi za zamani. Wapo wanaosema kwamba kuiacha ni kuwanyima haki wakimbiaji wa leo wanaopimwa wakati wowote, hata nyumbani kwao. Wengine hujibu kwamba rekodi haiwezi kufutwa bila kipimo au kukiri, na kwamba haifai kumhukumu mwanariadha mmoja kwa makosa ya mfumo mzima.

Mwaka 2014 Koch aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Shirikisho la Kimataifa la Riadha, hatua iliyolalamikiwa na wapinga dawa michezoni. Mwaka 2017 Shirikisho la Riadha la Ulaya liliunga mkono pendekezo la kutambua tu rekodi zilizowekwa tangu sampuli za wanariadha zilipoanza kuhifadhiwa kwa ajili ya kupimwa upya, mwaka 2005. Pendekezo hilo lingeondoa rekodi ya Koch, lakini lingeondoa pia rekodi za watu ambao hakuna ushahidi wowote dhidi yao. Lilipingwa na wanariadha kadhaa, akiwemo mkimbiaji wa marathoni Paula Radcliffe wa Uingereza, na halikutekelezwa.

Wakati huohuo, baadhi ya wakimbiaji wameikaribia rekodi hiyo. Marie-José Pérec wa Ufaransa alikimbia sekunde 48.25 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Salwa Eid Naser wa Bahrain alikimbia 48.14 mjini Doha mwaka 2019, na Marileidy Paulino wa Jamhuri ya Dominika alikimbia 48.17 mjini Paris mwaka 2024. Mwezi Septemba 2025, katika Ubingwa wa Dunia mjini Tokyo, Sydney McLaughlin-Levrone wa Marekani alishinda kwa sekunde 47.78 mbele ya Paulino (47.98). Hao ni wanawake wa kwanza kwenda chini ya sekunde 48 tangu Koch mwenyewe, na McLaughlin-Levrone alibakiza sekunde 0.18 tu kuifikia rekodi.

Maisha baada ya michezo

Baada ya kustaafu Koch alibaki katika eneo la Rostock, ambako yeye na mumewe waliendesha duka la vifaa vya michezo. Ujerumani Mashariki iliungana na Ujerumani Magharibi tarehe 3 Oktoba 1990, na nchi aliyoipatia medali zake zote ikafikia mwisho.

Rekodi za dunia

Mita 200
- 22.06 – Erfurt, 28 Mei 1978
- 22.02 – Leipzig, 3 Juni 1979
- 21.71 – Karl-Marx-Stadt, 10 Juni 1979
- 21.71 – Potsdam, 21 Julai 1984 (kuifikia rekodi yake)

Mita 400
- 49.19 – Leipzig, 2 Julai 1978
- 49.03 – Potsdam, 19 Agosti 1978
- 48.94 – Prague, 31 Agosti 1978
- 48.89 – Potsdam, 29 Julai 1979
- 48.60 – Turin, 4 Agosti 1979
- 48.16 – Athens, 8 Septemba 1982
- 47.60 – Canberra, 6 Oktoba 1985

Mbali na hizo, alikuwa katika timu zilizoweka rekodi tano za dunia za kupokezana vijiti: mbili za mita 4 × 100, moja ya mita 4 × 200 na mbili za mita 4 × 400.

Medali kuu

- Olimpiki 1980, Moscow: dhahabu (mita 400), fedha (4 × 400)
- Ubingwa wa Dunia 1983, Helsinki: dhahabu (mita 200, 4 × 100, 4 × 400), fedha (mita 100)
- Ubingwa wa Ulaya 1978, Prague: dhahabu (mita 400, 4 × 400)
- Ubingwa wa Ulaya 1982, Athens: dhahabu (mita 400, 4 × 400)
- Ubingwa wa Ulaya 1986, Stuttgart: dhahabu (mita 400, 4 × 400)
- Ubingwa wa Ulaya wa ndani: dhahabu ya mita 400 (1977) na ya mita 200 (1983, 1985, 1986)

Muda wake bora

- Mita 60 (ndani): 7.04 – Senftenberg, 1985
- Mita 100: 10.83 – Berlin, 1983
- Mita 200: 21.71 – Karl-Marx-Stadt, 1979 na Potsdam, 1984
- Mita 400: 47.60 – Canberra, 1985

Tazama pia

- Riadha
- Michezo ya Olimpiki ya 1980
- Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani
- Jarmila Kratochvílová
- Marlies Göhr
- Ines Geipel